Jumla ya Watoto wa Mlimani

Mtakwimu wa ofisi yetu ya afya ya wilaya hagusi kompyuta kabla ya kuuliza swali lake moja: "Hawa ni sehemu ya akina nani?" Huliuliza kwa sauti ya chini, kama anayemjulia hali mgonjwa, huku kidole chake kikishuka mbele ya skrini mstari kwa mstari bila kuigusa. Leo asubuhi muuguzi wa kituo kidogo cha mlimani alikuja kukitetea kituo chake kisifungwe, maana jedwali letu lilisema kimechanja asilimia mbili tu ya watoto.

"Mbili ni mbili, dada," mwenzangu alimwambia. "Kompyuta haina shemeji."

Mtakwimu akacheka, akavuta kiti. "Haina, lakini hujibu ulichoiuliza. Umewagawanya kwa watoto wa wilaya nzima, baba. Wa mlimani wagawanye kwa wa mlimani."

Akapanga mistari kwa vituo, akakipa kila kituo jumla yake, kisha akaugawanya kila mstari kwa jumla ya kituo chake. Safu nzima ikabadilika mara moja. Mlimani, waliochanjwa: asilimia tisini na sita. Hakuna kituo kilichokifikia. Mtakwimu hakushangilia; kidole chake kilikwisha kushuka kwenye mstari uliofuata, wa wasiochanjwa.

"Na hawa wanne katika mia?"

"Wengine wamehama, mama," muuguzi akajibu. "Mmoja bibi yake hunifungia mlango. Kesho narudi tena."

"Rudi," akasema mtakwimu. "Kituo kitakuwepo."