Chombo cha Kupoza Maji

Ninachokumbuka kwanza si nyumba wala watu, ni ule mlio wa matone. Mchana wa jua kali, mlango umeegeshwa, mwanga wa ziwa unachezacheza ukutani, mtoto amelala kwenye mkeka, na pale pembeni juu ya kigoda chujio langu linadondosha maji polepole. Nilikuwa nasikiliza mpaka nasinzia. Nahesabu matone, hesabu inanipotea, naanza upya, na jua linakuwa limeshahama upande wa pili wa chumba.

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu kulikuwa na visima vya maji ya chumvi, yana ukaidi wake. Unasugua sabuni mpaka inakuishia mkononi, povu hulioni, na sufuria inaota ukoko mweupe kwa ndani. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipofua kanga pale ufukoni, mbele kidogo ya Mbamba Bay, na sabuni ikafura povu kwa kuguswa tu, nilicheka peke yangu kama mwehu. Jamani, maji laini namna ile! Yanateleza kwenye vidole, unaona kokoto chini, unaona visamaki vinakatiza miguuni. Nilikaa ndani ya maji hayo mpaka kanga zikasafika mara mbili.

Lakini sikuyaamini. Mume wangu alikuwa bwana shamba, mtu wa kuhamishwahamishwa, na kwenye kituo chetu cha kwanza, mbali na huku, tulimzika mtoto wetu wa kwanza. Aliharisha siku tatu tu. Mganga wa zahanati alituambia bila kuzunguka kwamba ni maji, maji ya kisima kilekile nilichokuwa nakisifu kwa majirani. Tangu hapo nilikuwa siwezi kumwona mtoto wa mtu anainua kikombe bila moyo kunidunda.

Tulipohamishiwa Mbinga nilikuwa na mimba ya pili. Mume wangu alitaka redio, na alikuwa ameshachonga hata rafu ya kuiwekea. Nikamwambia, "Bwana wee, redio itamlilia nani? Tununue chujio." Alinuna siku mbili, kisha tukapanda lori la kahawa mpaka Songea. Mwenye duka alituwekea mawili mezani. Moja lilikuwa la udongo, zuri ajabu, lina mshumaa mmoja wa kuchujia ndani yake. La pili lilikuwa la alumini, vyombo viwili vimepandana. Cha juu kina mishumaa miwili ya udongo mweupe ambayo maji hupenya polepole, cha chini kina koki. La udongo lilinivutia macho, lakini nilifikiria malori ya uhamisho na mashimo ya barabara zetu, nikachukua la alumini.

Yule mzee wa duka alinifundisha kama anayeniozesha mwanawe. Gonga mshumaa kwa ukucha, ukilia vizuri ni mzima, ukilia butu una ufa. Usiutie sabuni, utabaki na harufu. Uusugue kwa mswaki laini kila wiki, uuchemshe, uuache upoe wenyewe. Na maji yakianza kushuka haraka usifurahi, ogopa. Nilishika yote. Kila Jumamosi nilikuwa nafungua, nasugua, nachemsha, nagonga, na mume wangu ananitania eti nina mke mwenza wa bati.

Mtoto alizaliwa Mbinga kwenye baridi. Alikuwa hajaanza kukaa tulipoteremshwa ziwani, wakati ule watu wanakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa na mabwana shamba wanatakiwa kulala hukohuko na wakulima. Tulipewa nyumba ya miti na udongo. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mjane, mtu mzima, mwembamba, mikono yake haikutulia hata akiwa ameketi. Siku tuliyoshusha mizigo alikuja na mtungi kichwani. Alikuwa amepanda mtumbwi, akapita matete, akachota maji huko mbele kwenye kina. Maji ya karibu humpi mgeni, alisema. Ziwa lao wenyewe wanaliita nyanja, na wanalisifu kama mtu anavyomsifu mama yake.

Nikamshukuru, nikamimina maji yake kwenye chujio mbele ya macho yake. Nilifanya kwa mazoea tu.

"Hiki ni nini, mwanangu?" akauliza.

Ningemjibu nini? Mtu amepiga kasia kwa ajili yangu, halafu nimwambie maji yake yana uchafu? Nikasema, "Ni chombo cha kupoza maji, mama."

Akaonja. "Kweli yamepoa!" akasema, akaenda kuwaita wenzake. Wiki ile kila mtu wa nyumba kumi zetu alipita kunywa maji ya mke wa bwana shamba. Jioni mume wangu akaniambia, "Ungewaambia ukweli." Nikamwambia, "Mtaalamu ni wewe, waambie." Naye hakuwaambia. Siku zikapita, na kila siku iliyopita ilifanya ukweli uwe mgumu zaidi kutamkika, mpaka mimi mwenyewe nikawa nakiita chombo cha kupoza.

Ilikuwa miezi ya raha, sitasema uongo. Asubuhi ukungu unalala juu ya maji, mtumbwi unatokea humo bila sauti. Usipa, dagaa wa kule, wameanikwa kwenye mchanga, wanang'aa. Yule mama ananifundisha kupika ugali wa muhogo, anacheka nikiuharibu. "Mwanangu, hii ni gundi," anasema, na anaula. Nilimpenda. Mvua zilipokuja akafiwa na mjukuu, nikapika msibani kwake kama mtoto wa nyumba. Sikuwa na mama karibu, na yeye alinichukua bila kuulizwa.

Mtoto alipofikisha mwaka, mjumbe aliniambia kwa upole kwamba na mimi natakiwa shamba la kijiji kama wengine. Mtoto nikamwachia yule mama jirani. Nilimwonyesha kila kitu, uji, kikombe chake, koki. "Maji yake ni ya hapa tu, mama. Anapenda ya baridi." Akaitikia. Nikaenda kupalilia mpunga moyo ukiwa mweupe.

Wiki ya pili mtoto akaanza kuharisha.

Nilidhani ni meno. Kesho yake macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Nilikuwa nimeshaiona ngozi ya namna hiyo. Mama jirani alikuja na bakuli la maji ya mchele yenye chumvi kidogo, akakaa chini, akaanza kumdondoshea mtoto kwa kijiko, kidogokidogo, bila kuchoka, na mimi nazunguka chumbani nasema haiwezekani, haiwezekani, huyu hanywi maji mengine. Nikafunua chujio niangalie mishumaa. Cha juu kilikuwa kimejaa vilevile nilivyokijaza alfajiri. Cha chini nacho kilikuwa kimejaa, mpaka ukingoni.

"Nani ametia maji huku chini?"

Akainua uso, amefurahi kuulizwa. "Mimi. Hiki cha juu kivivu, mwanangu. Unarudi na kiu unakuta vikombe viwili tu. Kila siku nakinyanyua, nakujazia chini. Nachota kulekule kwenye kina."

Nina hasira za karibu, hata leo. Siku ile sikujua hata ninatamka nini, ila majirani walinikumbusha baadaye. Nilimwambia amemuua mwanangu. Nilimwambia atoke, mshamba yeye, mzee asiye na akili. Mtu wa umri wa mama yangu, mlango ukiwa wazi, watu wamesimama nje. Alimalizia kijiko alichokuwa nacho mkononi, akaweka bakuli karibu na goti langu, akatoka.

Tulimpeleka mtoto Mbamba Bay kwa mtumbwi. Nakumbuka maji yale mazuri yakipita pembeni yangu, ya buluu, yanacheka na jua, na mimi nayachukia. Mganga wa zahanati alimpima, akauliza tumempa nini njiani. Nikasema maji ya mchele na chumvi. "Nani alikushauri?" Nikasema ni jirani. "Basi huyo ndiye aliyemfikisha hapa," akasema. Siku ya tano mtoto aliomba uji, akalia kwa nguvu alipocheleweshewa, na mimi nililia kuliko yeye.

Tuliporudi, sikupitia hata nyumbani. Nilimkuta mama jirani uani kwake anamenya muhogo. Nilipiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto?"

"Amepona. Umemponya wewe." Ndipo nikamwambia yote, bila kuinua uso. Kwamba chombo kile si cha kupoza. Kwamba maji ya nyanja, hata ya kwenye kina, hubeba ugonjwa usioonekana. Kwamba ndio ulioniulia mtoto wa kwanza. Kwamba niliona aibu kumwambia siku ile na mtungi wake. Niseme ukweli, nilitarajia anisamehe. Nilitarajia anishike bega.

Alilaza kisu mapajani.

"Mimi nimezika wanne," akasema. "Wote kwa kuharisha. Nilimtuhumu wifi yangu kwamba ni mchawi, mpaka akahama hapa, na huko alikohamia akafa. Kumbe maji."

Nikataka kusema kitu. Akanizuia kwa mkono.

"Na mjukuu wangu, yule wa mvua zilizopita. Ulikuja msibani. Ulipika na sisi siku tatu, ulilia na sisi. Mwanangu, siku zile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama," nikasema.