Mpanga Safari na Kamba ya Nguo ya Alp Grüm

Kabla hajawasha kompyuta, kabla hata hajafungua mlango wa ofisi, Nives Robustelli anavuka uwanja wa stesheni za Tirano akiwa na vikombe viwili vya kahawa. Kimoja ni chake. Cha pili, kama anavyopenda kusema mwenyewe, ni rushwa.

Treni nyekundu ya kwanza kutoka milimani inaingia taratibu na kusimama. Dereva wake, Gaudenzio, mtu mnene mwenye masharubu ya kizamani, anashuka akijinyoosha mgongo na kupokea rushwa yake bila kuombwa.

"Nguo zipo?" Nives anauliza.

"Kamba tupu, dada."

"Hata shuka moja?"

"Hata soksi. Na ukungu umeshuka mpaka chini ya kituo. Nimepita pale napapasa kama kipofu."

Nives anakitazama kikombe chake. Kwa miaka zaidi ya ishirini jibu la namna hiyo lilimtosha: angerudi ofisini, angempigia mteja simu na kumwambia asubiri siku nyingine. Leo halimtoshi. Mteja wa leo hana siku nyingine.

Nives, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, anaendesha ofisi ya chumba kimoja baina ya stesheni mbili za mji huu, ile ya treni za Italia na ile ya treni zinazopanda Alpi kwenda Uswisi. Kazi yake ni kuwapangia watu safari za milimani: wapande treni ipi, wakae upande gani wa behewa, washuke wapi wanywe supu, wavuke mpaka wa nchi saa ngapi ili jua liwakute mahali pazuri. Mgeni humlipa euro kumi na tano. Mtu wa bondeni halipi kitu, ila siku moja huja na jibini au kikapu cha tufaha.

Kazi hiyo haimtajirishi. Mwezi mzuri humpa kama euro elfu moja na mia tatu, na Novemba inapofika hupata nusu yake kwa shida. Siku hizi wengi hupanga safari kwa simu zao, na hawanung'unikii.

"Simu inakupa njia fupi," anasema. "Lakini nani anapanda Alpi kwa sababu ana haraka? Juzi walikuja mke na mume, wanataka kupita nchi nne kwa siku moja. Nikawauliza, mnasafiri au mnafukuzwa?"

Wageni huomba behewa la vioo vikubwa vinavyopanda mpaka darini. Yeye huwashawishi wapande treni ya kawaida, ile wanayopanda watoto wa shule, kwa sababu madirisha yake hufunguka. Kioo kikubwa, anasema, humwonyesha mtu uso wake mwenyewe nusu ya safari.

Habari ya nguo ilianza kama mzaha. Pale Alp Grüm, kituo kinachotazamana na mto wa barafu, ipo nyumba ndogo ya wageni juu kidogo ya reli. Dereva mmoja wa zamani alimwambia Nives kwamba mama mkwe wa mwenye nyumba, Bibi Onorina, hajawahi kunyeshewa shuka zake. Akianika, basi hapo pataona jua mpaka alasiri. Utabiri wa hali ya hewa hausemi uongo, lakini husema habari za mkoa mzima, na Nives alitaka habari za mlima mmoja. Tangu hapo akawa anawauliza madereva, na kamba haikuwahi kumwangusha. Mpaka wiki iliyopita.

Mteja mwenyewe ni mzee Evaristo Pola, miaka themanini na moja, mkulima wa tufaha. Shamba lake limepakana na reli, karibu kiasi kwamba treni ikipita ngazi ya kuchumia hutikisika. Ameisikia treni hiyo maisha yake yote na hajawahi kuipanda ikavuka mpaka.

"Nilikuwa na tufaha," anajitetea. "Tufaha hazisubiri mtu."

Mkewe, Ginetta, kabla hawajaoana alifanya kazi jikoni katika nyumba ileile ya Alp Grüm. Aliporudi bondeni alisema barafu ya kule juu ni ya buluu. Evaristo akasema barafu ni nyeupe, kila mwenye jokofu anajua. Ubishi huo ukawalea watoto, ukawazeesha, na haukuisha. Ginetta alifariki miaka mitatu iliyopita akiwa bado anashikilia la kwake.

Mwaka huu daktari amemwambia mzee kwamba doa lililoingia katikati ya macho yake linakua. Sasa anaona kwa pembeni tu, na ikifika majira ya machipuko huenda hata hizo pembe zikafungwa.

"Nitakufa, nitamkuta Ginetta mlangoni," mzee anasema, "na kabla hajanisalimu ataniuliza hilo. Nitamjibu nini? Kwamba nilikuwa na tufaha?"

Nives aliyatambua macho yake siku ya kwanza alipoingia ofisini. Mzee alikuwa akiongea naye huku ameugeukia mlango. "Nilidhani ananidharau," anasema. "Kumbe ndiyo alikuwa ananitazama." Kwa hiyo alimpangia kiti ambacho hampangii mtu mwingine yeyote: upande usiotakiwa, uso umeelekea ndani ya behewa, ili milima ipite kwenye pembe ya jicho.

Safari ilikuwa Alhamisi iliyopita. Binti wa mzee, Mirella, muuguzi huko Ubelgiji, alikuwa amekuja kwa likizo ya wiki moja baada ya mavuno. Asubuhi hiyo Gaudenzio alisema kamba tupu. Nives akaahirisha.

Kufika saa sita mchana anga lilikuwa safi, bila hata wingu la kuazima. Vilele vyote vilikuwa wazi. Mzee Evaristo alishinda shambani amekalia kreti la tufaha, ameupa mlima shavu.

Jioni Gaudenzio alirudi na habari kamili. Bibi Onorina alikuwa ameaga dunia alfajiri ile. Na kule juu, kama ilivyo bonde zima, nyumba yenye maiti haianiki nguo mpaka mazishi yapite. Mila hiyo Nives anaijua vizuri. Aliishika mwenyewe alipofiwa na mama yake.

"Niliona kamba tupu nikafikiria mvua," anasema. "Sikufikiria mtu. Miaka yote hiyo nimekula jasho la yule mama, na sijawahi kupanda kumwamkia. Ningepanda lini? Siku treni zinapojaa ndizo siku zangu za kazi."

Mganga hajigangi, husema watu. Nives mwenyewe hajafika Alp Grüm tangu alipokuwa msichana.

Alipokwenda kumwomba mzee radhi, mzee hakumgombeza. Alimpa tufaha moja, akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, binti." Nives anasema afadhali angemtukana.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya Mirella. Jioni ana treni ya kwenda Milano kupanda ndege. Mazishi yamekwisha, kamba bado tupu, na aliyekuwa akiisoma hewa kwa niaba ya bonde zima yuko kaburini.

Nives anamaliza kahawa, anarudi ofisini, anabandika kikaratasi mlangoni: nimepanda juu. Halafu anampigia mzee simu.

"Tunakwenda. Ukungu au hakuna ukungu."

"Tunakwenda na nani?"

"Na mimi. Kama ni kukaa kwenye ukungu, tukae wote."

Treni ya saa tatu inaondoka, inakata barabara katikati ya magari yaliyosimama kuipisha, inavuka mpaka bila mtu kuulizwa kitu. Dirisha liko wazi. Mzee Evaristo amekaa alivyopangiwa, amevaa suti ya harusi za watu, uso umewaelekea abiria wengine ambao wanashangaa kwa nini anawakodolea macho.

"Hao ni Waswisi?" anauliza ghafla, wanapopita shamba la tufaha.

"Ndiyo, baba," anajibu Mirella.

"Tazama matawi yale. Hawajui kupogoa."

Kwenye daraja la mviringo, ambapo treni hujizungusha na kuuona mkia wake, anacheka peke yake kama mtoto. Ziwa linapita, la kijivu. Misonobari ya huku, ambayo hugeuka manjano kabla ya baridi, inapita. Kisha ukungu unaanza, mwembamba kwanza, halafu mzito. Nives anauona mkono wa Mirella ukitafuta mkono wa baba yake.

Wanashuka Alp Grüm. Mbele yao, mahali ulipo mto wa barafu, hakuna kitu. Ni weupe mtupu kutoka juu mpaka chini.

Mzee anageuza shavu huku na huku. "Ni nyeupe," anasema. "Nimeshinda."

"Baba, huo ni ukungu."

"Najua. Niache nishinde kidogo."

Katika nyumba ya wageni anawapokea Seraina, mkwe wa marehemu, mwenye gauni jeusi na mikono yenye unga. Nives anampa pole ya msiba. Halafu inabidi ajieleze, na hajui aanzie wapi.

"Mimi ni yule wa Tirano," anasema mwishowe. "Ninayeuliza habari za kamba yenu."

Seraina anamtazama, anaanza kucheka, na kicheko kinageuka machozi kabla hajakaa.

"Wewe ndiye? Mama alikujua! Gaudenzio alimwambia zamani. Siku za jua, hata kama hatuna nguo chafu, alikuwa anatoa shuka safi kabatini anakwenda kuzianika. Namwambia mama, hizo si ni safi? Ananiambia, nyamaza wewe, kuna mwanamke kule chini anasubiri."

Nives anakaa kwenye benchi. Alidhani anachungulia kazi za mwanamke asiyemjua, kumbe kila asubuhi ya jua alikuwa anatumiwa salamu. Hakuwahi kuzijibu.

Wanakunywa supu ya shayiri. Ukungu haujasogea. Treni ya kushuka inakaribia, na Nives anatoka nje na kurudi, anatoka na kurudi, kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Hiyo ndiyo treni yetu," anamwambia Mirella. "Tukiiacha, ile ya baadaye itakufikisha Tirano ukiwa na dakika saba za kuvuka uwanja kwenda stesheni ya pili."

"Uwanja ni mkubwa?"

"Si mkubwa. Lakini mzee hakimbii."

"Mzee simpeleki Milano," Mirella anasema. "Iache iende."

Treni inakuja, inaondoka bila wao. Mpanga safari amesimama kwenye kituo anaitazama treni yake ikizama ukunguni.

Seraina anatokea nyuma yake na kikapu. Anainua kichwa. Kunguru weusi wa mlimani, waliokuwa wametulia juu ya paa tangu asubuhi, wanaruka mmoja mmoja na kupotelea juu.

"Mama alikuwa anawatazama hao," anasema. "Mimi sina ujuzi wake. Shika pembe hiyo."

"Zitalowa."

"Zilowe. Ni shuka za kitandani kwake, lazima zianikwe leo. Shika."

Wanaanika. Nives anaishika kwa mara ya kwanza kamba ambayo ameiulizia nusu ya maisha yake, kamba nyembamba, ya kawaida, yenye vibanio vya mbao vilivyopauka. Wako kwenye shuka ya tatu upepo unapobadilika. Ukungu unalegea, unapasuka mahali pamoja, na mlima unatoka.

"Baba!" Mirella anaita. "Baba, iko wazi! Unaiona?"

Mzee Evaristo ameshaupa mto wa barafu ubavu, uso wake umeuelekea ukuta wa jiko alimofanya kazi Ginetta. Kofia ameivua. Mtu asiyemjua angesema mzee huyu amekuja mpaka huku kutazama ukuta.

Pale ukungu ulipopasuka panajifunga tena kabla shuka ya mwisho haijapata kibanio.

"Haya, baba," Mirella anasema, pua imekuwa nyekundu kwa baridi na kulia. "Ni ya buluu au nyeupe?"

Mzee anaivaa kofia yake, anaiweka sawa.

"Hilo nitamwambia Ginetta," anasema.

Hakusema zaidi ya hapo, si kwenye treni wala nyumbani. Mirella alivuka uwanja wa Tirano mbio na kuiwahi treni yake. Nives naye, alipoulizwa aliona rangi gani, alisema hakuona. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika shuka, na macho yake yalikuwa kwa mzee.

Ana mpango sasa. Majira ya joto yakirudi, siku moja kila wiki atafunga ofisi na kupanda mwenyewe, akae na Seraina, wajifunze pamoja kuwasoma wale kunguru. Anajua atapoteza wateja. "Waende na simu zao," anasema. "Wakipotea wataniona huko juu."

Kesho yake asubuhi anavuka tena uwanja na vikombe viwili. Gaudenzio anapokea chake, anafungua kinywa kumpa habari za kamba kama kawaida, lakini Nives anamwinulia mkono.

"Kwanza niambie," anasema. "Wameamkaje huko juu?"

Dereva anamtazama, anakunywa kidogo.

"Wameamka salama, dada. Wamekusalimu." Kisha anatabasamu chini ya masharubu. "Na nguo zipo."