Mama Mdogo Alijua

Kwetu Uluguru mwanamke hamwelezi mumewe mambo ya chumbani moja kwa moja. Anamwambia somo wake, yule aliyemfunda alipovunja ungo, naye ndiye anayekwenda kuzungumza na mume. Somo wangu ni mama mdogo, mdogo wake marehemu mama.

Kwa hiyo nesi aliponipima saratani kwa kunipaka siki kwenye mlango wa kizazi, akaona madoa meupe, nilimkimbilia yeye. Nesi alisema si saratani. Ni chembe zimeanza kubadilika, na zikiachwa zinaweza kuwa saratani. Nishuke mjini Morogoro zikagandishwe kwa baridi kali zife, kisha nikae wiki sita bila mume. Mama mdogo akamweleza mume wangu waziwazi, mpaka mwanaume wa watu akabaki anatazama chini. Nilijivunia kuwa na mtu kama yeye.

Siku ya tiba alinisindikiza. Pale kwenye benchi woga ulinishika, maana mama yangu alikufa kwa saratani hiyo hiyo, damu inamtoka, sisi tunamchemshia mizizi.

"Usiogope, mwanangu," akasema. "Ni ubaridi tu, na tumbo linasokota kidogo kama la hedhi. Halafu majimaji yatakutoka wiki kadhaa."

Nikamgeukia. "Umejuaje?"

Akainamia mkoba wangu aliokuwa amenishikia, akafunga zipu iliyokwisha fungwa.

"Mama mdogo, si nakuuliza? Umejuaje?"

"Nilifanyiwa."

"Lini?"

Akaanza kukunjakunja pindo la kanga. "Mama yako alikuwa bado mzima."

Jamani! Mzima, anashuka na tenga la kabichi kichwani mpaka sokoni! "Ukashindwa kumwambia dada yako naye akapimwe?"

"Ningemwambiaje? Wangesema nimehangaika na wanaume, ndiko nilikouokota."

Mtu aliyenifundisha mambo yote ya mwili bila kupepesa macho! Kwa mume wangu mdomo ulifunguka, kwa dada yake ukafungwa. Hasira ilinipanda hadi woga ukaniisha. Nesi akaniita, mama mdogo akanyanyuka anishike mkono. Nikamwambia abaki hapo hapo.

Ikawa kama alivyosema. Ubaridi, msokoto kidogo, dakika chache, kwisha. Nililia, nesi akanipa pole akidhani naumia. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo vile, na mama alikikosa.

Nilipotoka alikuwa amekumbatia mkoba wangu, macho mekundu. "Nisamehe, mwanangu."

"Binti yangu anakaribia kuvunja ungo," nikamwambia. "Hutamfunda wewe."