Macho ya Bi Zuhura

Cheka sasa kama unataka kucheka, maana nikishaanza sitarudi nyuma kukubembeleza uniamini. Ilikuwa saa nane mchana, nimekula, sina homa, na taa zote za maabara zinawaka.

Miaka ile ya tisini mwishoni nilikuwa nafanya kazi benki ya macho, Houston. Mtu akifa, na akiwa aliridhia, tunaletewa konea zake, kile kioo cha mbele ya jicho, nami naziweka chini ya hadubini kuhesabu seli. Zikiwa nyingi na nzima, daktari anampandikizia mtu asiyeona. Za wazee hazikukatazwa. Sharti lilikuwa moja tu: ziangaliwe.

Bi Zuhura alikuwa mama wa Kimombasa, jirani yangu kule mtaa wa Alief, miaka sabini na mitatu. Ni mimi niliyemweleza habari hizi, akatia saini. Alipofariki wanawe wengine walikataa. Salim, mkubwa wao, akagombana nao mpaka wakakubali, kwa kuwa ndiyo kauli ya mama. Konea zikaletwa Ijumaa alasiri, nami nilikuwa na harusi ya binamu yangu mjini Garland, mwendo wa saa nne na ushee kwa gari. Nilifanya nini? Niliandika "hazifai, umri," nikazifungia kwenye friji. Sikuangalia. Na Salim aliponiuliza msikitini kama mama yake amemfaa mtu, nikamwambia amewafaa wawili.

Wiki mbili na siku kadhaa zikapita, muda wa kuzitumia ukaisha. Jumamosi nikazitoa, niwape madaktari wanafunzi wafanyie mazoezi. Nilikuwa peke yangu. Kichupa chenye konea moja nilikiweka kwenye hadubini, nikainama kuandika lebo, mara nikasikia harufu ya udi. Nilipoinua kichwa, Bi Zuhura amesimama mbele ya mashine, amejitanda leso, kama alivyokuwa akija kwangu na sahani ya mahamri.

"Nipishe, mwanangu," alisema. "Niangalie mwenyewe."

Nikampisha. Wewe ungefanyaje? Akainama, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, bila haraka, kidole kikigonga kitufe kwa kila seli. Nilitaka kumwomba radhi, nikaogopa kumpotezea hesabu. Alipofika mia moja akajinyoosha, akanitazama. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Kupepesa macho, hayupo.

Kwenye skrini ya hadubini kulikuwa na alama mia moja, kila moja katikati ya seli yake, na seli zenyewe zimebanana kama sega la asali. Niamini, marehemu kijana ambaye konea zake nilizipitisha Ijumaa ile ile hakuwa na macho mazuri namna ile.

Nilikiri kwa mkubwa wangu wa kazi kwamba niliandika bila kuangalia, akanipa onyo la maandishi. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kwenda kwa Salim. Alinisikiliza mpaka mwisho, mlango wazi, bila kunikaribisha ndani.

"Kama ni hivyo," akasema, "si ungetuachia tumzike na macho yake."

Salim amehamia mji jirani wa Sugar Land, na tukikutana msikitini huchagua safu nyingine. Kazi sikuiacha. Kila jicho la mzee nalihesabu mara mbili, na mpaka leo nikikaribia mia shingo inasisimka, sithubutu kugeuka. Nawe uliyenisikiliza, ukikabidhiwa amana ya marehemu, usiipime kwa umri wake wala kwa haraka zako. Mwenyewe anaweza kuja kuhakiki.