Dizeli Katika Pipa la Mawese

Barua ya kukiri wizi waliniandikia wenyewe. Mimi nilibakiziwa kutia saini tu. Ilisema kwamba nikiwa mtunza stoo nimeiba dizeli ya boti na kuichakachua iliyobaki kwa mafuta ya taa, na kwamba naacha kazi kwa hiari yangu.

"Saini, dada, yaishe," alisema fundi wa boti. "Tusifike mbali."

"Sisaini."

Tajiri wetu alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, mlangoni mwa stoo. Asubuhi ile boti yake, ambayo haikutoka msimu mzima wa mvua, ilizimika mita chache kutoka ufukwe wa Kibirizi ikiwa na abiria. Ikavutwa kurudi huku wavuvi wa dagaa wakipiga miluzi. Fundi alifungua chujio akakuta ute mweusi, mzito kama uji wa ulezi. Hapo hapo, mbele ya abiria na wapagazi, tajiri akaninyooshea kidole: mwizi ni huyu. Mama yangu anauza ndizi hatua chache kutoka pale. Alisikia.

"Dizeli haijichakachui yenyewe," fundi aliendelea.

"Hujichakachua, ukiiweka pabaya. Nifuateni."

Nina tabia moja ambayo wenzangu waliicheka miaka yote. Kila mzigo wa dizeli ukifika, kabla haujamiminwa kwenye mapipa, nachota chupa moja ya kioo, naifunga, naandika tarehe, naiweka kabatini. "Mganga," waliniita, kwa ajili ya zile chupa. Nikaitoa ya mzigo ule wa kabla ya mvua: ya manjano, safi, unaona vidole vyako upande wa pili. Nikachota kwenye pipa la bluu tulilonunua jipya: vile vile. Nikachota kwenye mapipa makuukuu tuliyonunua kijijini Simbo: nyeusi, na chini mashapo ya kunata.

"Mzigo mmoja, siku moja," nikasema. "Kama nilitia mafuta ya taa, hili la bluu limeponaje? Na mafuta ya taa yameanza lini kunata?"

Fundi alichovya kidole, akasugua, akanusa.

Mapipa ya Simbo yalikuwa ya kuwekea mawese. Mama aliyetuuzia alituambia wazi, "Hayo yameolewa na mawese, wanangu, hayana talaka." Tulicheka. Tukayaosha kwa maji moto na majivu kama wafanyavyo watu wa huku, na mimi mwenyewe nilichungulia nikasema yanang'aa. Kosa hilo ni langu, na mbele yao nililikiri. Mawese hujificha kwenye mshono wa chini, mkono usikofika. Yakichacha hutoa asidi, asidi hula chuma, na chembe za chuma huiharakisha dizeli kuharibiwa na hewa: rangi inageuka, gundi inajijenga. Kwa wiki moja usingeona kitu. Ilikaa miezi.

Pipa moja la Simbo, ambalo dizeli yake ilikwisha kumiminwa kwenye boti, lilikuwa tupu. Nikalilaza, nikawasha tochi ya simu, nikaingiza waya mrefu na kukwangua mshono. Ulitoka na utando wa kahawia, wenye harufu ya mawese ya zamani. Tajiri aliinama, akaunusa ule waya.

"Basi, yaishe," alisema, akiikunja barua.

"Hayajaisha, mzee. Mwizi uliniita pale nje. Humu stooni hakuna aliyesikia."

"Unataka nikupigie magoti?"

"Nataka useme pale pale, kwa sauti ile ile."

"Dada, una kiburi wewe," fundi akaguna.

"Kiburi ninacho. Mafuta ya taa ndiyo sina."

Tajiri akatoka. Alisema haraka haraka, akilitazama ziwa, kwamba mtunza stoo hakuiba, mapipa ndiyo yaliyoharibu. Wapagazi wakaitikia. Mama yangu alikuwa ameinama, akimfungia mteja ndizi.

"Rudia, mzee," nikamwambia. "Geukia upande ule wa ndizi."

Akageuka, akarudia.