Mama Mfinyanzi katika Ghala la Katani

Shamba la mkonge lilipofungwa, ghala la katani lilibaki tupu kando ya reli, nje kidogo ya Kilosa. Popo wakahamia. Kijiji kikaona ni aibu jengo la matofali na bati lilale bure huku mafundi wakifanyia kazi juani, kikaamua wapewe. Kodi haikuwapo. Kila fundi angetoa siku moja kwa wiki kutengeneza vitu vya kijiji: madawati, sare za shule, vyungu vya jiko la watoto.

Mimi nilikuwa katibu wa kijiji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na jibu la kila swali. Ndani ya ghala kulikuwa na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao. Niliandika kanuni ya kwanza kwa mkono wangu: kuta zote za ndani zing'olewe, maana kujitenga ni ubepari. Mwenyekiti akaisifu sana, nikaibandika ukutani. Mbao zikawa madawati.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Kabla hatujahamia kijiji hiki kipya cha ujamaa alifanyia kazi nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kwa sababu kwetu mwanamume aliyepita jandoni hatazami chungu kikifinyangwa. Akitazama, kitapasuka motoni. Nyumba za kijiji kipya zilipangwa mistari, hata kuku hana pa kujificha. Tumaini lake lilikuwa vile vyumba vya ghala. Nililijua hilo, na bado niliandika.

Alikuja na udongo kichwani, akasimama mlangoni, akawaona maseremala wanne na fundi cherehani mmoja, wote wanaume.

"Nisomee hiyo karatasi ya ukutani," akaniambia.

Nikamsomea.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mwandiko wako mzuri."

Akageuka kurudi nyumbani.

Seremala mzee, aliyeletwa zamani kutoka mbali kama manamba wa mkonge, akamkimbilia. "Mama, karatasi imekataza kuta. Haijatukataza sisi kutoka nje."

Tangu hapo, kila asubuhi mama alipomaliza kuponda udongo aligonga debe mara moja. Wanaume wakaweka randa chini, wakaenda kukaa barazani wakitazama reli mpaka awaite. Madawati yalichelewa. Mwenyekiti alinung'unika, lakini kanuni haikuvunjwa, naye alikuwa mtu wa kanuni.

Nilipokuwepo, nami nilitoka. Mama alifinyanga mle mpaka nguvu zilipomwishia, na vyungu vyake vilipasuka kama vya wafinyanzi wote, kimoja leo, kimoja kesho kutwa. Sasa wajukuu zake huniuliza alianzia chungu chini au mdomoni, na vidole aliviwekaje. Sijui. Utotoni, nilipokuwa na ruhusa ya kutazama, nilikwenda kucheza mpira. Ukubwani nilikaa barazani, hatua tano kutoka kwake, nikisikia viganja vyake vikipiga udongo.