Kidole Gumba cha Mwingereza

Siku yangu ya kwanza karakanani mtaa wa Ghala, hapa Maskati, nilipewa sufuria ya gundi niikoroge. Gundi yenyewe hupikwa kwa ngozi ya mbuzi, na kwa harufu yake, wallahi, ndege wa Matrah kule bandarini walikuwa wakigeuza njia. Fundi Mkuu, mzaliwa wa Unguja kama mimi, alicheka mpaka akakohoa. Kifua chake kilikuwa kishajaa vumbi la mbao. "Msomi," aliniita, kwa kuwa nilikuwa nimetoka tu shule ya usiku, "hapa utasoma kwa pua."

Mwaka ule ule ikaletwa meza ya kuandikia ya Kiingereza, ya mahogani, jamaa ya mkangazi wetu, nzito kama ngamia wawili na nusu. Kiyoyozi kilikuwa kimeikausha mpaka uso ukapasuka. Mwenyewe, kadhi mstaafu wa mtaa wa Ansab, alikuwa akinakilia Msahafu juu yake. Tulipomchomoa mtoto wa meza, ile droo yake, tukamgeuza, tukaona kwenye tone la gundi kavu alama ya kidole gumba. Aliyeitengeneza hakuandika jina popote. Kafa zamani, kimebaki kidole hicho tu. Fundi Mkuu alikitazama kama anayemtazama nduguye.

Kadhi alipokuja kuitazama meza yake akauliza, "Gundi hii ya mnyama gani?"

"Sijui, sheikh," Fundi Mkuu akajibu. "Huenda ng'ombe."

"Huenda na nguruwe?"

"Huenda."

"Basi itoke yote."

"Nnaomba, sheikh, tone hili moja uliache. Halishiki kitu."

Kadhi akamjibu kwa upole kwamba hawezi kuweka maneno ya Mungu juu ya shaka. Tukachemsha maji, tukashika patasi. Tone lile Fundi Mkuu alilikwangua mwenyewe, mwisho kabisa, bila kuniangalia. Mwaka haukwisha, kifua kikamuua.

Miaka mingi baadaye, wiki yangu ya mwisho kazini kabla ya kustaafu, mjukuu wa kadhi akairudisha meza, imepasuka tena. Niliifungua kiungo kwa kiungo nikitafuta japo alama moja ya Fundi Mkuu. Hakuna. Safi kama sahani iliyooshwa. Nanyi vijana wa randa za umeme mnaonisikiliza, Fundi Mkuu alitufunza hivi: kazi ya fundi ikionekana, imeharibika.

Nikaiunganisha upya. Gundi ikiwa bado laini, nikabonyeza gumba langu pale pale chini ya mtoto wa meza, nikaitazama sana alama yake. Kisha nikachovya kitambaa katika maji ya moto, nikaifuta.